Kadi ya Jimbo na Kadi ya Bonde

Katika jimbo la Idaho, Marekani, anayejinunulia bima ya afya bila kupitia kwa mwajiri huenda kwenye soko la bima liitwalo Your Health Idaho. Masoko ya aina hii yaliundwa na sheria iliyosainiwa na Rais Barack Obama mwezi Machi 2010, na bima zake zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2014. Kampuni zinazouza humo ni za aina mbili: zile zinazouza katika kaunti zote 44 za jimbo, na zile zinazouza katika ukanda mmoja tu, mara nyingi karibu na hospitali zinazoshirikiana nazo. Katika mazungumzo haya kila aina inawakilishwa na kadi ya kubuni. Kadi ya Jimbo ni wa kampuni ya jimbo zima. Kadi ya Bonde ni wa kampuni ya Treasure Valley, bonde lenye miji ya Boise, Meridian, Nampa na Caldwell. Mwamuzi wao ni Mzee Kikokotoo, ambaye kitufe chake cha kutoa kimechakaa kuliko cha kujumlisha.

Wasiyotofautiana

KADI YA JIMBO: Mdogo wangu, mimi nimeenea kutoka mpaka wa Kanada hadi mpaka wa Utah. Wewe umeenea wapi?

KADI YA BONDE: Kaka, mimi sikuenea, nimekolea. Wagonjwa wangu wanajua jina la daktari wao. Wako wanajua muziki wa simu yako ya kusubirisha.

KIKOKOTOO: Tuanze na mnayofanana. Mgonjwa wa kisukari akija, mnamkataa?

KADI YA JIMBO: Hasha! Tunampenda.

KADI YA BONDE: Tunampenda sana.

KIKOKOTOO: Mnampenda kwa amri. Kabla ya 2014 mapenzi hayo hayakuwapo.

Sheria inazikataza kampuni zote sokoni kumkataa mtu au kumwongezea bei kwa sababu ya ugonjwa alio nao. Umri unaweza kupandisha bei, lakini mtu mzima mwenye umri mkubwa halipishwi zaidi ya mara 3 ya kijana. Kila bima lazima igharamie makundi 10 ya huduma, yakiwemo uzazi, dawa, afya ya akili na kulazwa hospitali. Madaraja pia ni yaleyale: shaba hubeba wastani wa asilimia 60 ya gharama za matibabu, fedha 70, dhahabu 80 na platinamu 90. Tena angalau asilimia 80 ya ada zinazokusanywa lazima itumike kwa matibabu na kuboresha huduma. Ikipungua, kampuni inawarudishia wateja tofauti. Kwa hiyo anayelinganisha kampuni mbili hulinganisha yale yaliyobaki nje ya sheria: mtandao wa watoa huduma, bei, na uwezo wa kampuni kudumu.

Ramani na madaktari

KADI YA JIMBO: Kaunti 44, Mzee. Andika.

KIKOKOTOO: Nimeandika. Katika ile kaunti ya milimani, una madaktari bingwa wa moyo wangapi?

KADI YA JIMBO: Mmoja.

KIKOKOTOO: Anaishi huko?

KADI YA JIMBO: Anakuja Alhamisi.

KIKOKOTOO: Kila Alhamisi?

KADI YA JIMBO: Kila Alhamisi ambayo theluji haijafunga njia.

KADI YA BONDE: Mimi bingwa wa moyo ninao saba, wote mtaa mmoja!

KIKOKOTOO: Na mtu wako akihamia kaskazini?

KADI YA BONDE: Kwa nini ahame? Bonde ni zuri.

Eneo la mauzo na mtandao wa matibabu ni mambo mawili. La kwanza huonyesha mahali kampuni inaporuhusiwa kuuza. La pili huonyesha hospitali na madaktari walioingia nayo mkataba. Jiografia ya Idaho huyatenganisha zaidi. Wakazi wengi wa kaskazini huvuka mpaka kutibiwa Spokane, katika jimbo la Washington, na wale wa kusini-mashariki huenda Salt Lake City, katika jimbo la Utah. Kadi inayotambulika katika kaunti zote za Idaho lakini haitambuliki Spokane humsaidia kidogo mgonjwa wa kaskazini. Boise nako makundi makubwa ya hospitali ni mawili, St. Luke's na Saint Alphonsus, na mtandao mwembamba unaweza kuwa na moja ukaacha la pili.

Aina ya bima nayo huangaliwa. Bima za HMO na EPO kwa kawaida hazilipi kitu nje ya mtandao isipokuwa dharura. Bima ya PPO hulipa sehemu, kwa masharti magumu zaidi.

Nguvu ya hospitali ndani ya ukanda mmoja huonekana kwenye bei. Mwishoni mwa 2012 St. Luke's ilinunua kundi la madaktari la Saltzer lililokuwa Nampa. Serikali ya shirikisho, jimbo la Idaho na washindani walikwenda mahakamani, wakidai kwamba kampuni za bima zingekosa pa kukimbilia wakati wa kupatana bei. Januari 2014 jaji aliamuru ununuzi huo uvunjwe, na mahakama ya rufaa ikamuunga mkono mwaka 2015.

KADI YA BONDE: Mimi na hospitali yangu ni ndugu. Bei tunapatana kindugu.

KIKOKOTOO: Undugu huo unamshushia bei mgonjwa, au unamzuia asiende kwa jirani?

KADI YA BONDE: Swali hilo lina kibali cha awali?

Ada na ruzuku

Ruzuku ya serikali haitegemei kadi ambayo mtu amechagua. Hukokotolewa kwa bima ya fedha iliyo ya pili kwa unafuu katika eneo lake. Sheria hupanga kiasi ambacho familia inaweza kuchangia kulingana na kipato, na serikali hulipa kinachobaki hadi kufikia bei ya bima hiyo.

KIKOKOTOO: Tuseme familia inatakiwa kuchangia dola 150 kwa mwezi. Bima ya fedha ya Kadi ya Jimbo ni ya pili kwa unafuu, bei yake dola 500. Ruzuku ni 350. Mwaka unaofuata Kadi ya Bonde anaingia na bima mbili za fedha, ya 420 na ya 430. Sasa ya pili kwa unafuu ni ile ya 430, na ruzuku inashuka hadi 280.

KADI YA JIMBO: Mimi sijapandisha hata senti!

KIKOKOTOO: Hujapandisha. Lakini aliyebaki kwako sasa analipa 220 badala ya 150. Aliyehamia kwenye ile ya 420 analipa 140. Kwa mwaka, 2,640 dhidi ya 1,680. Tofauti ni dola 960.

KADI YA BONDE: Mimi nimeleta unafuu!

KIKOKOTOO: Kwa aliyekufuata. Aliyebaki kwa kaka yako umemletea bili.

Hesabu hii ndiyo huwashtua wengi wanaoacha bima ijihuishe yenyewe. Ruzuku yenyewe pia hubadilika kwa sheria: nyongeza iliyopitishwa mwaka 2021 iliwekewa ukomo wa mwisho wa 2025 baada ya kuongezewa muda.

Gharama za kuugua

Ada ya mwezi ni mlango tu. Baada yake kuna kianzio, yaani fedha ambazo mgonjwa hutoa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipia huduma nyingi, kisha uchangiaji kwa kila huduma, hadi kufikia kikomo cha mwaka. Kwa mwaka 2025 kikomo cha juu kabisa kilichoruhusiwa kwa mtu mmoja kilikuwa dola 9,200. Kwa kawaida fedha zilizolipwa nje ya mtandao hazihesabiwi kwenye kikomo hicho. Mwenye kipato kisichozidi asilimia 250 ya mstari wa umaskini hupunguziwa pia kianzio na uchangiaji, ila akichagua daraja la fedha tu. Kwa wenye kipato cha chini zaidi miongoni mwao, bima ya fedha inaweza kubeba hadi asilimia 94 ya gharama.

KADI YA BONDE: Ninayo ya shaba, ada kama bure!

KIKOKOTOO: Na kianzio?

KADI YA BONDE: Hicho kimeandikwa upande wa pili. Kwa unyenyekevu.

Dharura

Tangu tarehe 1 Januari 2022 sheria ya shirikisho inazuia hospitali ya nje ya mtandao kumtoza mgonjwa wa dharura zaidi ya ambavyo angelipa ndani ya mtandao. Helikopta ya wagonjwa imo katika ulinzi huo. Gari la wagonjwa la barabarani halimo.

KADI YA JIMBO: Kwa hiyo mtu akianguka mlimani, heri abebwe na helikopta?

KIKOKOTOO: Heri asianguke.

Kudumu sokoni

Ukubwa haujawa kinga. Aetna na Humana, kampuni zinazojulikana nchi nzima, zilijiondoa kwenye masoko haya kwa mwaka 2018. Udogo nao umeua: vyama 23 vya ushirika wa bima vilianza kwa mikopo ya serikali, na kufikia 2021 vilibaki vitatu, kimojawapo kikihudumia Idaho. Kampuni ikifunga katikati ya mwaka, mteja hupewa nafasi maalumu ya kununua kwingine, lakini fedha alizokwisha kulipa kwenye kianzio zinaweza kuanza kuhesabiwa upya.

Lugha

Boise na Twin Falls zimepokea wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Kampuni za bima na hospitali zinazopokea fedha za shirikisho zinatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo, na mtoto wa mgonjwa hatakiwi kufanywa mkalimani isipokuwa kwenye dharura isiyo na njia nyingine.

KADI YA JIMBO: Kwetu Kiswahili kipo. Bonyeza tisa, subiri, kisha bonyeza tisa tena.

KADI YA BONDE: Kwetu yupo dada mmoja mwenye roho nzuri.

KIKOKOTOO: Akienda likizo?

KADI YA BONDE: Roho yake nzuri inabaki.

Mpangilio wa kulinganisha

Kikokotoo alifunga shauri kwa kupanga hatua. Kwanza, kuandika majina ya madaktari, hospitali na dawa za familia, kisha kuyatafuta kwenye orodha ya kila kampuni na kumpigia daktari kuhakikisha, kwa kuwa orodha huchelewa kurekebishwa. Pili, kuuliza mtandao unaishia wapi, hasa kwa mtoto anayesoma mbali au ndugu anayeishi kaunti nyingine. Tatu, kuzidisha ada baada ya ruzuku kwa 12 na kuongeza gharama za mwaka wa kawaida. Nne, kurudia hesabu kwa mwaka mbaya, kwa kutumia kikomo badala ya kianzio. Tano, kufanya yote haya kila msimu wa kujiandikisha, ambao Idaho katika miaka ya karibuni umefunguliwa tarehe 15 Oktoba, mapema kuliko majimbo mengi.

KADI YA JIMBO: Basi nani ameshinda?

KIKOKOTOO: Kwa mkazi wa Nampa ambaye daktari wake yumo kwa Kadi ya Bonde, Bonde. Kwa fundi anayezunguka kaunti tano, wewe, ikiwa mkataba wako unamfuata huko. Mwakani nitahesabu upya.