Mfumo Usioujua Mwezi

Kikundi chetu kilikuwa na watu watano kwenye jalada la ripoti na mmoja kwenye kibodi. Huyo wa kibodi hakuwa mimi. Mimi nilikuwa mwandishi wa ripoti, cheo cha mwenye laptopu isiyokaa na chaji. Wa tatu alikuwa mwenyekiti, wa nne alikuwa na bando, na wa tano tulimwona siku ya kupiga picha.

Ukisoma uhandisi wa programu Mwanza, mradi wako sharti unuke samaki. Tukachagua mfumo wa mauzo ya dagaa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Mwaloni, Kirumba, soko ambalo dagaa wake husafiri hadi Kongo. Mhadhiri alisisitiza tumsikilize mteja kwanza. Tukaenda saa saba mchana, jua likiwa utosini.

"Shikamoo mama," mwenyekiti akaanza. "Mahitaji yako ya kimfumo ni yapi?"

"Marahaba. Ninahitaji mninunulie dagaa, au mnipishe hapo mwenye kununua anione."

Kwenye ripoti tuliandika kwamba mteja ameupokea mradi kwa moyo mkunjufu. Msinilaumu, mwenyekiti ndiye aliyenisomea imla.

Mfumo ukajengwa kwa kilo. Mwaloni watu wanauziana kwa sado, ndoo na gunia, na ndoo haihesabiki imejaa mpaka iwe na kilima juu. Tena mteja asipopewa nyongeza anahamia meza ya jirani. Binti wa yule mama, aliyekubali kutujaribia mfumo kwa simu yake, aliuliza kitufe cha nyongeza kiko wapi. Mtu wa kibodi akamjibu kwamba hiyo ni hasara, haina kitufe.

Muda ukayoyoma. Mhadhiri akatuhurumia, akatuongezea watu wawili. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu za OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye programu iliyochelewa, unaichelewesha zaidi. Wetu walithibitisha hilo kabla ya chakula cha mchana: mmoja alitaka kila kitu kiandikwe upya kwa lugha anayoijua yeye, mwingine akauliza kama jina lake limeshaingia kwenye jalada.

Fahari ya mwenyekiti ilikuwa king'ora. Mauzo yakishuka, mfumo ungempigia mteja kelele na kumtumia ujumbe. Basi siku ya kuwasilisha, mbele ya darasa zima, mchoro wa mauzo ulionekana ukutani ukiwa umeporomoka hadi sifuri. Mwenyekiti akaanza kueleza kwa sauti ya daktari kwamba mteja yuko taabani. Simu yake ikaita. Kwa kujiamini akaweka spika.

"Ninyi watoto! Nani kawaambia biashara yangu inakufa? Hamuoni mbalamwezi nje?"

Darasa lilicheka, hasa wale waliokulia Ukerewe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi nyingi za sola na betri. Kukiwa na giza, dagaa hufuata mwanga na kukusanyika. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa haimvuti yeyote, wavuvi wanapandisha mitumbwi, wanashona nyavu na kwenda kusalimia nyumbani. Jambo hilo kila mtoto wa ufukweni analijua. Kwenye kurasa zetu zote za mahitaji halikuwemo, ingawa nembo ya chuo ilikuwemo kwenye kila ukurasa.

Mhadhiri akauliza mwezi tumeuweka wapi. Mwenyekiti akajibu kwamba utakuja na toleo la pili.

Tulipata B, ambayo kwa maoni yangu ilikuwa sadaka. Toleo la pili halijatoka, na mtu wa kibodi ameshahamia Dar es Salaam. Mwanafunzi anayeutaka mradi huu auchukue bure. Ila aende Mwaloni asubuhi, kipindi cha giza, na anunue angalau sado moja kabla hajauliza swali lolote.