Firauni wa Najma

Mama mkwe alitua kwetu Najma, Doha, kutoka Unguja katikati ya Julai na mabegi mawili. Moja la nguo, la pili la vitu alivyoamini hatuvipati huku: papa mkavu, pilipili mbuzi na ubani. Ubani kuuleta Ghuba, jamani!

Balaa lilianza alipotandika kitanda cha mjukuu wake. Chini ya mto akakuta karata, wala si kopa na shupaza alizozizoea. Hapa joka jeupe lenye macho ya buluu, pale mchawi wa kiza na fimbo yake, na moja ya Kijapani yenye msalaba uliotiwa kitanzi kichwani. Akamwita mtoto amweleze. Mtoto akasema kweli tupu, ndipo mambo yakaharibika: Yugi ni mwanafunzi wa Japani, kaunganisha fumbo la dhahabu, kaingiwa na roho ya Firauni, na karata zikinoga Firauni ndiye anayecheza.

"Firauni yupi?"

"Wa Misri, bibi."

Nikajitia kusuluhisha. Nikamweleza kuwa hiyo ni Yu-Gi-Oh!, hadithi ya picha aliyoianza Kazuki Takahashi mwaka 1996 katika jarida la Weekly Shōnen Jump. Karata zilikuwa mchezo mmoja tu kati ya mingi humo, ila wasomaji walimwandikia barua nyingi wakizitaka, akazifanya kiini cha hadithi. Mwaka 1999 kampuni ya Konami ikaanza kuziuza hizi tulizonazo. Na ule si msalaba, Mama, ni ankh, alama ya uhai ya Misri ya kale. Toleo la nje ya Japani lilichorwa upya, ankh ikaondolewa.

"Wenyewe wameiondoa," akasema. "Basi wanajua kuna nini."

Mke wangu akaongeza kwamba mwaka 2001 Saudia ilipiga marufuku Pokémon, karata na zote. Msaada huo hakuna aliyeuomba.

Kesho yake adhuhuri Mama mkwe akajifungia chumbani na chetezo, kiyoyozi kakizima, dirisha kalifunga, anasoma na kufukiza. Juu ya kitanda, darini, kuna kile kidude cha kunusa moshi. Hakikujua ubani na ajali ya moto vinatofautianaje. Kengele ikalia jengo zima.

Tukashuka kwa ngazi sote, Wafilipino, Wamalabari, Wamisri, mmoja na mwiko mkononi. Sheria ya Qatar, kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba, inakataza kazi za juani toka saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Sisi tulikuwa nje saa saba. Mlinzi akauliza moto umetoka nyumba gani. Haikuhitajika kujibu: Mama mkwe alikuwa kati yetu na kanga zake, chetezo mkononi, bado kinafuka. Jirani Mmisri, ambaye Firauni ni wa kwao, akanusa, akasifu ubani, akauliza unauzwa wapi.

Tukajibanza kwenye kivuli cha maegesho kusubiri ruhusa ya kurudi. Mwanetu akazichomoa karata mfukoni (alikuwa kaziokoa mapema) akaketi na mtoto wa yule Mmisri juu ya boksi lililokunjuliwa. Bibi akasogea. Huyu mama kakulia kwenye karata za wahedi wa sitini, na kaka zake walikoma kucheza naye kwa pesa.

"Turufu ipi?"

"Hakuna turufu, bibi. Kila mtu anaanza na alama 8000, zikiisha umeshindwa."

"Na hilo joka?"

"Nguvu 3000."

"Mapigo matatu basi, kama hana kinga. Usilitoe bado."

Mtoto wa Kimisri akatabasamu, akaweka karata tano kwa mpigo: mikono miwili, miguu miwili na kichwa. Exodia. Ukizikusanya zote mkononi umeshinda papo hapo.

Bibi akaweka chetezo chini.

"Kashinda bila kupiga hata pigo? Changanyeni upya. Na safari hii nakata mimi."