Sifa Zimfikie Mzee Kukinai

Mashujaa wote wamekwisha kuimbiwa. Majemadari wana tenzi zao, wapenzi wana nyimbo zao, hata ng'ombe wa mahari hakosi wa kumsifu. Amesahauliwa mmoja tu: Mzee Kukinai, yule anayemjia msomaji katikati ya kitabu cha tatu cha mapenzi ya wanyonya damu, akamlegeza kope taratibu na kumshauri aende akamenye karanga. Watu humwita mvivu, adui wa elimu, mharibifu wa vitabu. Leo nasimama kumtetea, na ushahidi nautoa Kuluba, wilayani Koboko, kona ile ya Uganda ambako Kongo na Sudan Kusini zote mbili hufikika kwa bodaboda.

Kesi yenyewe ni Twilight, hadithi ya Stephenie Meyer, Mmarekani. Vitabu vinne, kuanzia 2005 hadi 2008, kurasa zaidi ya 2,400. Cha nne, Breaking Dawn, kiliuza nakala milioni 1.3 siku ya kwanza huko Marekani. Huku kwetu nakala moja hutosha kijiji. Inaingia bila jalada ndani ya sanduku la mwanafunzi wa bweni aliyerudi likizo. Kesho iko kwa binamu yake, keshokutwa kwa jirani. Na kila inapofika, maharage yanaungua na mbuzi wanaingia muhogo wa watu, kwa maana aliyetakiwa kuwachunga yuko na Bella, binti wa hadithi, msituni.

Wazee huanza kwa kukemea. Mwalimu hunyang'anya, mchungaji huombea. Wamarekani nao walipita njia hiyo: mwaka 2009 vitabu hivyo vilikuwa miongoni mwa kumi vilivyolalamikiwa zaidi katika maktaba zao. Faida yake nini? Kitabu kilichokatazwa husomwa kwa tochi ya simu, chini ya shuka, kwa bidii mara mbili. Mzee Kukinai hakatazi kitu. Anakaa pembeni, anamwacha binti asome, asome tena, mpaka siku moja anagundua amerudia ukurasa uleule mara tatu na bado hajui nani anamlilia nani. Hakuna kelele wala machozi. Kitabu kinafungwa kwa hiari ya mwenyewe. Nionyesheni mchungaji aliyewahi kufanikiwa hivyo.

Tena ni mwalimu wa hesabu. Edward, kijana wa hadithi, alizaliwa Chicago mwaka 1901. Mwaka 1918, homa ya mafua ikiwa karibu kumuua, akageuzwa mnyonya damu, na tangu hapo ana miaka kumi na saba. Bella anapomkuta darasani, bwana huyo ameipita miaka mia moja na angali anasoma sekondari. Kitabu cha kwanza kikiwa bado moto, jambo hili humsisimua msomaji. Mzee Kukinai akishaketi, maswali yanaanza: ada analipa nani? Huku kwetu muhula mmoja unakula mbuzi kadhaa, na mtoto akirudia kidato mara mbili ukoo unaitisha kikao. Mwenzetu ana karibu karne nzima akihama shule hadi shule, wala hatusikii amepata kazi.

Yakaja ya ndoa. Katika kitabu cha nne Bella anaolewa. Kwa bwana harusi kuna magari ya fahari na nyumba yenye ukuta mzima wa kioo, lakini wajomba wa bibi harusi hawaoni hata kwato. Kwa Wakakwa na Walugbara, ndoa ni jambo la koo mbili: ng'ombe wanahesabiwa, mbuzi wanabishaniwa, na shangazi ananuna mpaka apewe chake. Kitabuni hakuna ujumbe, hakuna mabishano, hakuna hata mwenye kuomba maji ya kunywa. Muda si mrefu Jacob, yule kijana anayegeuka mbwamwitu, anamtazama mtoto mchanga wa Bella na papo hapo anajua kwamba maisha yake yamefungwa kwake. Shangazi yeyote wa Kuluba angeita polisi. Mzee Kukinai, kwa upole wake, huita usingizi.

Wanyonya damu wenyewe hawakuwa wageni kwetu. Pwani walikuwepo mumiani. Kampala na Nairobi, enzi za ukoloni, watu walinong'ona kwamba wazimamoto hukamata wapita njia usiku na kuwatoa damu; mwanahistoria Luise White aliukusanya uvumi huo na kuutolea kitabu mwaka 2000. Walugbara nao walimsimulia John Middleton, mwanaanthropolojia, habari za Adro, kiumbe wa mitoni: mrefu, mweupe, nusu mtu aliyepasuliwa wima, anayerukaruka kwa mguu wake mmoja. Ukimwona, unakimbia. Malezi yetu hayana sura inayosema ubaki umsikilize anavyoteseka moyoni. Kwa hiyo binti anapochoshwa na mrembo asiye na damu, malezi yake yamerudi kazini baada ya likizo fupi. Na jua pia ni shahidi. Meyer alimweka Edward mji wa Forks, wenye mvua tele, kwa sababu ngozi yake humeta juani. Angeletwa Koboko mwezi wa Januari, siri yake ingekwisha kabla ya chai ya saa nne.

Kuna jambo zito zaidi, na hapa navua kofia. Vitabu hivi vinauza ahadi ya kutokufa. West Nile, eneo letu hili, iliwahi kuuziwa ahadi hiyo. Katika miaka ya 1910, Mkakwa aliyeitwa Rembe aligawa maji ya Yakan, na wanywaji wakaahidiwa kwamba risasi hazitawadhuru na wafu wao watarudi. Mwaka 1919 harakati hiyo ikagongana na polisi wa serikali ya kikoloni, na risasi zikabaki risasi. Somo lile lililipiwa kwa maisha ya watu. Mzee Kukinai analifundisha lilelile kwa bei ya miayo michache: mahali ambapo hakuna wa kufa, hakuna cha kuhofia, na pasipo cha kuhofia moyo hauna sababu ya kudunda.

Tazama hadithi inavyomalizika. Majeshi mawili yanakutana kwenye theluji, yanatazamana, yanazungumza, yanatawanyika. Huku tunajua majeshi yanavyorudi nyumbani. Waasi wa huku, UNRF II, walitia saini mkataba wa amani na serikali pale Yumbe mnamo Desemba 2002, baada ya mazungumzo ya miaka. Msomaji aliyekulia kati ya watu waliolipia kila kitu, ada, mahari na amani, hawezi kushikwa muda mrefu na hadithi ambayo karibu hakuna anayelipa. Kuchoka kwake ni akili inayodai risiti.

Meyer hakukata tamaa. Mwaka 2015 aliisimulia hadithi ileile akigeuza wanaume kuwa wanawake na wanawake kuwa wanaume. Mwaka 2020 akairudia tena, safari hii kwa kinywa cha Edward. Mzee Kukinai naye hajastaafu.

Napendekeza apewe kiti katika kila kamati ya maktaba, pamoja na nauli. Wapinzani watasema kwamba mzee huyuhuyu huwatembelea wanafunzi katikati ya somo la kemia, waumini katikati ya mahubiri, na wananchi katikati ya hotuba ya mbunge. Kuhusu kemia nakubali, amevuka mipaka. Kuhusu hayo mengine mawili, sioni alipokosea njia.