Nani Aliagiza Kimya?

Nimelalamikia matatu za Nairobi tangu enzi za manyanga. Nimelalamikia honi, moshi, muziki wa kutikisa meno ya bandia, na ile tabia ya dereva kukanyaga mafuta gari likiwa limesimama, ili tudhani tunaondoka. Katika malalamiko hayo yote sijawahi kuomba gari lisilotoa sauti kabisa. Nani basi aliagiza kimya hiki?

Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria jijini mwaka 2022, na pikipiki za umeme sasa hazikosekani stejini. Wataalamu wanafurahi. Wanatuambia sehemu kubwa ya stima yetu inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, moshi hakuna, na mapafu yatashukuru. Sawa. Mapafu yangu hayana neno. Wenye kesi ni masikio.

Mkazi wa Nairobi havuki barabara kwa macho. Macho yana shughuli zao: yanalinda simu, yanakagua mtaro usio na kifuniko, yanamkwepa mtu wa mkokoteni. Barabara tunavuka kwa masikio. Ukisikia lori linaguna kwa gia ya pili, una nafasi ya kuvuka na hata kumsalimu mtu pale katikati. Ukisikia bodaboda yenye ekzosi iliyotoboka, unajua iko wapi, inakuja kasi gani, na mwenyewe ana haraka kiasi gani. Elimu hii tuliipata kwa taabu, na hakuna aliyetulipia karo.

Juzi nilikuwa Mtaa wa Tom Mboya, kwenye njia ya waendao kwa miguu. Narudia: ya waendao kwa miguu. Sauti ikaniambia karibu na sikio, "Mzee, songa kidogo." Kugeuka, gurudumu la pikipiki liko kwenye kisigino changu. Juu yake kijana, nyuma yake abiria, na mapajani mwa abiria trei la mayai. "Nimekufuata tangu pale kwa kona," kijana akasema kwa fahari ya baba aliyepata mapacha. "Hii haina kelele, mzee." Mayai yalikuwa mazima. Moyo wangu ndio ulipata ufa.

Ndani ya basi mambo ni mabaya zaidi. Injini ya dizeli ilikuwa inatusitiri. Mtu alizungumza na simu, akasema uongo wake mdogo wa asubuhi, na ngurumo ikaufunika. Siku hizi basi zima linasikia. Kuna jamaa aliyemwambia mkubwa wake, "Niko Westlands, naingia ofisini sasa hivi," nasi tuko Allsopps, hatusongi mbele wala nyuma. Vichwa vyote vikageuka. Alipokata simu, mama mmoja akamshauri kwa upole, "Kijana, si ungesema tu tumekwama?" Safari iliyobaki jamaa aliimaliza akisoma tangazo la mkopo dirishani.

Nauli nayo? Dizeli ilipopanda bei, nauli ilipanda, tukaambiwa tuelewe, tukaelewa. Sasa basi halinywi dizeli, nauli haijashuka hata shilingi. Mvua ikinyesha inapanda vilevile. Labda betri nayo inaogopa kulowa.

Na msiniambie hii ni teknolojia mpya. Mwaka 1882, kule Berlin, Werner von Siemens alikuwa tayari ameendesha kigari kisicho na farasi kikivuta umeme kutoka nyaya za juu. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy akawa wa kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa akiwa ndani ya gari, na gari lenyewe lilikuwa la betri. Hata Henry Ford, aliyeijaza Marekani magari ya petroli, mkewe Clara aliendesha gari la umeme. Alijua analofanya. La petroli liliwashwa kwa kuzungusha mtarimbo kwa nguvu, na ukizembea unaweza kukuvunja mkono. Cadillac za mwaka 1912 zikaja na mota ndogo ya umeme ya kuwashia injini, mtarimbo ukastaafu, na gari la umeme likakosa wateja. Yaani petroli ilimuua umeme kwa msaada wa umeme mwenyewe. Fitina hiyo hata bungeni kwetu hatujaifikia.

London nao walikuwa na mabasi ya nyaya, kuanzia 1931 hadi 1962. Vyuma vya juu vikichomoka kwenye waya, kondakta alishuka, akachomoa mti mrefu wa mwanzi uliofichwa chini ya basi, akaanza kuvuta na kuelekeza huku abiria wakimtazama. Na Waingereza waliyapa mabasi hayo jina la "kifo kimya", kwa sababu yalimfikia mtu kabla hajageuka. Kwa hivyo mimi si mshamba wa kwanza kushtuliwa barabarani. Niko kwenye foleni ndefu yenye heshima.

Wazungu walijifunza, wakatunga sheria. Tangu Julai 2021, kila gari jipya la umeme linalouzwa Umoja wa Ulaya lazima liwe na kifaa cha kutoa mlio likienda polepole, hadi kilomita 20 kwa saa. BMW wao wakamwajiri Hans Zimmer, yule mtunzi wa muziki wa filamu, ayatungie magari yao ya umeme sauti. Karne nzima wahandisi wanahangaika kunyamazisha injini, halafu mtu analipwa kurudisha kelele!

Sisi kifaa hicho tukikileta kitatuchosha, maana chini ya kilomita 20 kwa saa ndio mwendo wetu wa kutwa. Barabara ya Mombasa itavuma kuanzia alfajiri. Na cha kununua ni cha nini? Tunao makanga. Sheria iseme tu kwamba hakuna basi la umeme kuondoka stejini bila kijana wa kuning'inia mlangoni, akigonga bodi kwa kiganja na kuita abiria mpaka wa ng'ambo ya barabara wageuke. Hans Zimmer tunamheshimu, ila hajawahi kujaza gari la Githurai saa moja jioni.