Kunguru wa Mjini na Punda wa Majengo

Saa saba mchana, nyuma ya Soko la Majengo, Dodoma. Punda amefungwa mkokoteni wa madumu ya maji. Kunguru ametua juu ya dumu, mdomo umemchafuka zabibu.

KUNGURU: Oya mzee, huku ushamba umezidi! Nimepekua majalala yote: mlenda, mlenda, mlenda.

PUNDA: Mbukwa, kijana. Kwetu salamu hutangulia.

KUNGURU: Unaona? Ushamba huo. Mjini hatusalimiani, tuna haraka.

PUNDA: Haraka ipi? Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulitoka 1973. Wengi wenu mmefunga mizigo baada ya 2016. Mimi nikichelewesha maji nusu saa, nachapwa.

KUNGURU: Usilete siasa. Mie nimetoka kwa wastaarabu.

PUNDA: Unalijua neno hilo? Kustaarabika ni kuwa kama Mwarabu, basi. Mtu wa Pwani akajipima kwa kanzu. Wa bara akamwita mshenzi, mwenye jembe akamwita mshamba. Mtu wa mahali panapotoka chakula, hilo ndilo tusi! Waingereza nao hivyo hivyo: walichukua neno la Kiholanzi la mkulima, lile lile wanalojiita Makaburu, wakamtukania kila asiye na adabu. Anayekula ndiye anayemtukana anayelima.

KUNGURU: Mie mtoto wa Kariakoo.

PUNDA: Na babu yako? Ukoo wenu ni wa India. Mliletwa Unguja miaka ya 1890 mle takataka. Wa kuja, tena wa jalalani! Hizo zabibu mdomoni umezichuma ghorofa ya ngapi?

KUNGURU: (anajifuta kwenye bawa) Za sokoni.

PUNDA: Sokoni zimeota? Hapa zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mnameza zote, mkimaliza mnatema "mshamba". Hamna haya! Mmejengewa, mmepewa viwanja, maji nawabebea mimi, na bado mnakunja pua kwa sababu ya vumbi. Dodoma yenyewe kwa Kigogo ni mahali palipodidimia. Wanasimulia tembo alikuja kunywa maji, akazama. Tembo, kijana! Sembuse wewe na miguu ya njiti za kiberiti.

KUNGURU: Yaishe, mzee wangu. (Anasogea karibu na sikio, anashusha sauti.) Eti, ekari moja ya zabibu kule Hombolo inakwenda bei gani?