Namna ya Kuchagua Kamera ya Nyumba Bila Kugombana na Mashangazi

Simu ni ya mtu, kamera ni ya nyumba. Simu ina nywila, ina siri za mwenyewe, na akienda kazini picha za mtoto zinakwenda naye. Kamera ndogo ya mfukoni hukaa juu ya kabati la vyombo, na yeyote mwenye mikono mikavu huichukua akapiga. Kwa hiyo anayekwenda kuinunua anakwenda kwa niaba ya ukoo mzima, na hatua zake ni hizi.

1. Hesabu mashangazi

Sebule zetu hazimruhusu mpiga picha kurudi nyuma zaidi ya mita 3 kabla hajaikalia televisheni. Ukisimama hapo, lenzi inayoanzia milimita 28 hukamata upana usiofika mita 4. Inayoanzia milimita 24 hukamata mita 4 na nusu. Tofauti hiyo ni shangazi mmoja na kitenge chake, na shangazi aliyekatwa bega kwenye picha ya Idi atalidai bega lake mpaka Idi ijayo. Muuzaji akupe namba hiyo kwa kipimo cha filamu ya milimita 35, maana iliyochapwa kwenye lenzi yenyewe mara nyingi ni ndogo zaidi. Zumu ndefu waachie wanaokwenda Mikumi. Zumu ya dijitali usiihesabu kabisa, kwa kuwa hukata kipande cha picha na kukikuza tu.

2. Mwache muuzaji amalize megapikseli zake

Atakutajia 20, wa duka la pili atakutajia 48. Wasikilize kwa adabu, huku ukijua kwamba picha ya albamu, ya sentimita 10 kwa 15, hutoka safi kwa megapikseli 2, na ya ukubwa wa A4 hutaka 9 hivi. Wakimaliza, uliza ukubwa wa sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga. Kamera nyingi ndogo zina sensa ya inchi 1/2.3. Zenye sensa ya inchi 1, kama Sony RX100, zina eneo takriban mara nne ya hilo. Kisha tazama tarakimu inayofuata f/. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara nne ya lenzi ya f/3.5. Keki ya siku ya kuzaliwa hukatwa saa mbili usiku, taa ya dari ikiwa moja, na hapo ndipo pesa yako itaonekana ilikokwenda.

3. Nenda dukani na mtoto asiyetulia

Mtoto mtulivu hafai kwa kazi hii. Mwache azunguke kaunta, nawe ubofye. Kamera inayochelewa kati ya kidole na picha itakuletea kisogo, pembe ya meza na kiatu kimoja. Bonyeza kitufe nusu kwanza ili lenzi imshike, kisha malizia. Kama bado ni kisogo, irudishe kaunta. Halafu mkabidhi bibi bila maelekezo yoyote. Akipata pa kuwashia, akapiga na akaiona picha yake, umepata kamera. Asipopata, usimlaumu bibi. Hiyo kamera haifai nyumba yenu.

4. Piga ukuta mweupe na uso mweusi pamoja

Kwetu sisi hili ndilo jaribio kubwa kuliko yote. Kipimo cha mwanga cha kamera huchukulia kwamba dunia, kwa wastani, ni ya kijivu. Kikikutana na shela la bibi harusi, kanzu tatu na ukuta wa chokaa, huona mwanga umezidi na kuupunguza. Shela linatoka na kila ua lake, nyuso zinazama gizani, na bibi harusi hatofautiki na mpambe wake. Watu wakilaumu rangi yao, wanaionea. Kosa ni la kipimo. Tafuta kitufe chenye alama za + na −, kipeleke hadi +1, piga tena: mashavu yanarudi, wanja unaonekana, na hina ya viganjani inasomeka. Kamera iliyokificha kitufe hicho ndani kabisa ya menyu iache dukani, hata wakikupunguzia nusu ya bei.

5. Ukinunua mtumba, kagua kwa jicho la mama mkwe

Simu zimelila soko la kamera ndogo, mpya zimekuwa chache, na nyingi utakazooneshwa zimeshatumika. Iwashe na kuizima mara kadhaa ukiisikiliza lenzi inavyotoka. Ikikwaruza, kuna mchanga wa ufukweni kwenye mirija yake, na punje moja inatosha kuikwamisha. Ielekeze angani upige mara mbili. Madoa yasiyohama ni vumbi au kuvu, ugonjwa wa kawaida wa Pwani yetu yenye joto na unyevu. Fungua na menyu, kwa sababu kamera nyingi za Sony zilizouzwa Japani huongea Kijapani pekee. Memori kadi nunua mpya, uijaze mpaka mwisho, kisha ufungue picha zote kabla ya siku ya harusi. Kadi bandia hujitangaza GB 128 huku ndani zimo chache, na picha zinazozidi hapo huzipati tena.

6. Tenga pesa ya kusafisha picha

Bajeti isiishie kwenye kamera. Kila mwisho wa mwezi nyumba nzima ikae, ichague picha chache, zipelekwe studio, na nyuma ya kila moja yaandikwe majina na tarehe. Hapo mtagombana kidogo kuhusu nani amefumba macho, na ugomvi huo ni mzuri. Picha za babu akiwa kijana tunazo leo kwa sababu zilikuwa karatasi, zikakaa kwenye sanduku la bati zisihitaji chaji wala nywila. Wajukuu wetu wanastahili hivyo hivyo. Usisubiri kamera: chagua picha kumi kwenye simu yako leo, uzipeleke zikasafishwe.