Ombi la Kasuku Mmoja kwa Kila Kituo

Kwa Waheshimiwa wote wenye dhamana ya meza anazopitishwa mtoto aliyedhulumiwa,

Baada ya salamu na taadhima inayostahiki vyeo vyenu, naomba idhini nishukuru kabla ya kuomba, kwani nimelelewa mwambao, ambako adabu hutangulizwa hata mbele ya kilio. Nawashukuru kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Tanzania ya mwaka 1998, iliyomwekea mbakaji miaka 30 gerezani, na kifungo cha maisha akiwa aliyemtenda ni mtoto wa kike wa chini ya miaka 10. Nawashukuru kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa Dawati la Jinsia na Watoto, kwa namba 116 ambayo mtoto huipiga bila ya kulipa senti, na kwa vile vituo vya hospitalini mlivyovipa jina zuri la Mkono kwa Mkono. Karatasini, Waheshimiwa, hatuna dai.

Haja yangu ni ndogo: naomba kila kituo cha polisi kipatiwe kasuku mmoja.

Mtoto aliyefikwa na msiba huu, akishapata ujasiri wa kumwambia mama yake, jambo ambalo peke yake lamtosha mtu mzima umri mzima, hutakiwa ayaeleze hayo hayo kwa mjumbe, kisha kwa mtendaji, kisha kaunta, kisha Dawatini, kisha kwa daktari, kwa afisa ustawi wa jamii, kwa mpelelezi, kwa mwendesha mashtaka, na mwisho mbele ya hakimu. Na ikitokea mpelelezi amehamishwa, naye aghalabu huhamishwa, yule aliyempokea huanza upya, maana jalada, kama mjuavyo, liko njiani.

Nilikuwapo siku moja katika kituo nisichokitaja, nimefuata ripoti ya kitambulisho kilichopotea. Aliingia mama na bintiye, wa darasa la pili kwa kimo chake, ameshika upindo wa kanga ya mama kwa mikono miwili. Askari wa kaunta hakuwa mkali, hasha, aliinama kwa upole, kalamu mkononi, akasema, “Sema kwa sauti, mama, nisikie niandike.” Kwenye benchi tulikuwa sisi wa vitambulisho, na kijana wa bodaboda aliyefuata pikipiki yake, na mzee mmoja aliyezima redio yake kwa heshima, na kwa heshima hiyo yake tukasikia sote. Binti alisema. Alipomaliza, askari aliifunika kalamu yake akasema, “Aa, hili ni la Dawati. Nendeni mlango ule mkamweleze afande.” Afande wa mlango ule alikuwa ametoka kidogo. Sheria yataka ushahidi wa mashauri haya utolewe faragha. Bila shaka aliyeitunga alidhani maelezo ya mtoto huanzia mahakamani.

Ndipo nikamfikiria kasuku. Awe yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, hodari wa kukariri, ambaye akitunzwa huishi miaka 40 na zaidi, hata yawezekana akawa hai siku upelelezi utakapokamilika. Mtoto atamweleza mara moja, chumbani, mlango umefungwa, naye akimaliza aende zake nyumbani akacheze rede. Tangu hapo atakayechukuliwa meza kwa meza ni ndege, tunduni mwake, amefunikwa kanga kwa sitara, sitara ambayo hatujawahi kumpa mtoto.

Fadhila zake ni nyingi. Hana haya, basi hatatulia kimya na kuwapotezea muda. Hana machozi, basi hataharibu karatasi. Shauri likiahirishwa mpaka mtoto wa kweli angekwisha kuota meno mapya, kasuku atasema yale yale aliyosema siku ya kwanza, wala wakili hatapata nafasi ya kumwuliza mbona mwanzo alisema shati la buluu na leo asema la kijani. Hatasafirishwa kwenda kwa bibi yake Handeni jioni ya kuamkia siku ya shauri. Zaidi ya yote, hana ami wala mjomba: hapana mtu atakayekaa mkekani na wazee wake, akaletwa mbuzi na gunia la mchele, wakakubaliana kuyamaliza nyumbani ili jina la ukoo lisitiriwe.

Halafu kuna ahadi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 aweza kutoa ushahidi bila ya kiapo, ila sharti kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo; na hukumu zimetenguliwa katika Mahakama ya Rufani kwa kuwa mtu mzima mwenye joho alisahau kumwuliza mtoto ahadi hiyo, au hakuiandika ipasavyo. Kasuku tutamfundisha ahadi kabla ya neno jingine lolote. Ataitoa bila ya kuulizwa, asubuhi na usiku, hata kwa wafagiaji. Tena nina yakini kwamba ataalikwa katika semina za kumlinda mtoto, katika hoteli yenye kiyoyozi, avalishwe fulana, apewe posho yake ya mtama, naye ayasome maazimio yetu bila ya kukosea herufi, kama tuyasomavyo sisi.

Mnacheka? Utafiti wa taifa uliofanywa mwaka 2009 ulionyesha kwamba takribani wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hao hawakuwa ndege. Wengi wao hawakumwambia mtu, na tangu niione kaunta ile siwalaumu. Kila mwaka mnapanda jukwaani mkawahimiza watoto wavunje ukimya, na wakiuvunja mnawaambia warudie, hawakusikika. Mmeifanya aibu ya mtoto kuwa mali ya kila apitaye, mkaiita utaratibu.

Niwieni radhi, kalamu imeteleza. Maombi yangu mengine ni mepesi: fomu za polisi za PF3, ambazo mtoto huenda nazo kwa daktari, zisiishe, na zikiisha fotokopi isilipwe na mama aliyekuja kwa miguu, afisa ustawi wa jamii apewe walau nauli, mtoto na mtuhumiwa aliye nje kwa dhamana wasiwekwe benchi moja wakisubiri kuitwa, na kauli ya “upelelezi haujakamilika” itungiwe muziki, maadamu hatuna budi kuisikia.

Huenda hazina ikasema kasuku ni ghali. Basi nitaje nyumba moja iliyofunguliwa Reykjavík, Iceland, mwaka ule ule wa 1998 ambao sisi tulitunga sheria yetu. Yaitwa Barnahus. Mtoto huzungumza humo na mtu mmoja aliyefunzwa kazi hiyo, huku polisi, mwendesha mashtaka, wakili na watu wa ustawi wakitazama kutoka chumba kingine, na maneno yake yakinaswa. Hata daktari humfuata huko huko. Wakubwa ndio waendao kwa mtoto. Nchi nyingine za Ulaya zimeiga, wala sijasikia kwamba yupo aliyenunua ndege.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, mpaka kasuku apatikane: mtoto aulizwe mara moja, chumbani, na mtu mmoja anayeijua kazi yake, alichosema kiandikwe kwa hati inayosomeka, na nyinyi wengine wote msome. Kusoma mmesomeshwa, tena kwa kodi zetu.

Mtiifu wenu,
Mzazi wa Mwambao